Promo Haifutwi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada yangu hana shamba, kwa hiyo siku ya tatu alinipa hotpoti.

"Mpelekee mpwa wako chakula kazini," alisema. "Umekaa hapo sebuleni kama kabati. Afadhali kabati, lina vyombo ndani."

Dada yangu ndiye mkubwa wetu, na hajawahi kunisemesha kama mtu mzima. Mimi ni mtu wa njia. Nimebeba magunia, nimechoma matofali, nimeuza miwani ya kusomea katika miji ambayo watu wake hawasomi. Shule nilizopita ni nyingi kwa sababu kila moja niliionja tu. Mara moja moja napita kwa dada, nalala kwenye kochi lake mpaka miguu ianze kuwasha, kisha naaga. Safari hiyo nilikusudia wiki moja.

Mpwa wangu tunamwita Kiberiti, maana ni mwembamba na kichwa chake hakikawii kuwaka. Alikuwa anafanya mafunzo kwa vitendo kwenye kituo cha televisheni, idara ya promosheni. Nilidhani ni mahali wanapopandishana vyeo. Akanieleza kwamba wao ndio wanaotengeneza vile vipande vifupi vya kuwaambia watu kipindi gani kinakuja, na jinsi maisha yao yatakavyoharibika wakikikosa.

"Kwa hiyo kazi yenu ni kusema kitu kinakuja," nikasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na kikishakuja?"

"Tunasema kingine kinakuja."

Nimeishi chini ya serikali kadhaa. Utaratibu huo naufahamu.

Mafunzo yenyewe yalikuwa yameisha zamani na cheti ameshapewa. Lakini mkuu wa idara alimwambia asiondoke: ipo nafasi moja ya ajira, ni yake, hivi karibuni. Kiberiti akabaki. Akafanya kazi kama mwajiriwa, akachoka kama mwajiriwa, akagombezwa kama mwajiriwa. Kilichopungua ni ajira tu. Mkuu huyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Idara nzima ilimwita Hivi Karibuni, naye alidhani wanamsifia ubunifu.

Dada yangu, ambaye hawezi kupika "hivi karibuni" ikaiva, alishatoa uamuzi. Mwezi ukiisha bila ajira, binti anakwenda dukani kwa shangazi yake kuuza mapazia. Kiberiti aliyachukia mapazia kiasi kwamba dirisha la chumba chake lilikuwa tupu, na jirani wa ng'ambo alijua ratiba yake yote.

Basi nikawa mbeba hotpoti. Idara ya promosheni ilikuwa chumba kisicho na dirisha mwishoni mwa korido. Ubaridi wa mle ndani uliwekwa kwa ajili ya mashine. Binadamu walishauriwa kuja na masweta. Kulikuwa na kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi, na ukutani picha kubwa ya mwanamke aliyekunja uso kama mtu aliyeuziwa yai bovu. Huyo ndiye Mama Mkwe wa ile tamthilia ya Jumapili jioni. Nchi nzima ilimchukia kwa mapenzi makubwa. Sokoni kuna mwanamke aligoma kumuuzia vitunguu mpaka amwombe radhi mkwewe, ambaye ni msichana wa kuigiza.

Siku moja nikiwa kwenye kistuli changu karibu na mlango, nasubiri hotpoti iwe tupu, Hivi Karibuni aliingia simu ikiwa sikioni. Akaweka kifaa cha kuhifadhia picha mbele ya Kiberiti.

"Promo ya Jumapili. Iruke hewani leo jioni."

"Sauti imo?" Kiberiti akauliza.

"Sauti bado wanaishughulikia huko. Picha zimo. Picha zinajieleza."

"Na hadithi inakwendaje? Mswada sijauona."

"Wewe ni mbunifu au karani?" akasema. "Ndiyo maana nakwambia ile nafasi ni yako." Akatoka, bado anamcheka mtu wa kwenye simu.

Tukazitazama picha, zote za karibu karibu. Mama Mkwe amefunikwa vitu vyeupe tangu shingoni mpaka miguuni. Maua kila upande. Mwanawe analia. Mkwewe, yule aliyeteswa miaka yote, anamkumbatia na kumfuta machozi. Pembeni amesimama bwana mmoja wa koti ameshika makaratasi.

"Mjomba, unaona nini hapa?"

"Anaolewa huyo."

"Hata mimi naona hivyo. Ila bwana harusi haonekani."

"Wamemficha. Ndiyo utamu wenyewe."

Harusi na msiba, ukiondoa sauti, ni kitu kimoja: nguo nyeupe, maua, ndugu wanalia, na mtu mmoja wa koti anayetamani kwenda nyumbani. Lakini hilo tulikuja kulijua baadaye.

Kiberiti akaikata promo, na ilikuwa nzuri, nisimnyime haki yake. Chozi, ua, chozi, mkono unatetemeka, kisha giza na maneno: Jumapili hii, Mama Mkwe anafunga ndoa. Na nani? Usikose. Hivi Karibuni aliitazama kwenye simu yake huku anapanda ngazi. "Moto," akasema, na asipunguze hata mwendo.

Jioni ikaruka. Kesho yake kinyozi alinikata nusu ya ndevu akasimama kubishana na mteja mwingine kama bwana harusi ni daktari au mlinzi wa geti. Mwenye duka la kona alisema lazima ni yule mume wa kwanza, hakufa, walizika gogo. Dada yangu, ambaye kila siku huapa kwamba hatazami upuuzi huo, alinipa hotpoti na maagizo: "Muulize Kiberiti ni nani. Usirudi bila jina."

Ndiyo siku aliyoingia Mwongozaji, mtu anayeitengeneza tamthilia yenyewe. Ni mtu mfupi wa kofia, na alisimama mlangoni akihema.

"Nani amemwozesha Mama Mkwe?"

Hivi Karibuni akainua kichwa. "Kwani haolewi?"

"Anakufa."

"Baada ya kuolewa?"

"Anakufa, basi. Amelazwa, anaagana na wanawe, daktari anakuja na makaratasi, anakufa. Ile nyeupe ni shuka."

Mashine zikaendelea kula ubaridi wao.

Hivi Karibuni akamgeukia Kiberiti polepole, kama mtu anayegundua kwamba chumbani kumbe kuna mtu. "Huyu binti yuko hapa kwa mafunzo," akamwambia Mwongozaji. "Si mfanyakazi wetu."

"Na jana nilikuwa nani?" Kiberiti akauliza.

Hivi Karibuni akainamia simu yake.

"Ifuteni," akasema Mwongozaji. "Semeni mlikosea."

Hapo nilimwona Hivi Karibuni akiwa na msimamo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Promo haifutwi," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Hawakuwa na nyingine waliyoifuata. Kufuta promo ni kukiri kosa, na kituo hakikosei. Kiberiti aliwahi kunisimulia kwamba zamani walitangaza mechi ambayo haikuwepo. Badala ya kuifuta, waliwapa jezi wapishi wa mkahawa wa kituo wakacheza na mafundi umeme, mtangazaji akaita mchezo wa kirafiki. Waungwana husema ahadi ni deni. Pale ahadi ilikuwa amri, ila aliyeahidi siye aliyetekeleza.

Simu ikapigwa kwa wakubwa wa ghorofa ya juu. Hivi Karibuni akasikiliza, akaitikia ndiyo nyingi, akakata.

"Ataolewa, halafu atakufa. Yote Jumapili hiyo hiyo, wodini hapo hapo."

"Aolewe na nani?" Mwongozaji akavua kofia. "Nina mtoto wake, nina daktari, nina mlinzi wa geti ambaye kwenye hadithi ni kaka yake wa siri. Mzee wangu mmoja wa maana yuko safarini. Nahitaji mzee. Mwenye sura ya mtu aliyepotea miaka mingi. Ambaye watu hawamjui, hana kazi, anaweza kuja kesho."

Chumba kizima kikanigeukia. Nilikuwa nimepakata hotpoti.

"Mimi nimefuata chombo," nikasema.

Hivi Karibuni akamsogelea Kiberiti, akamwambia kwa sauti ya baba mlezi, "Jumapili ikienda vizuri, ile nafasi tutaizungumza. Ikienda vibaya, Jumatatu usije."

Kiberiti akanivuta koridoni. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini hasira ilishaanza kuyakausha.

"Mjomba, mapazia," akasema. Neno hilo tu.

Sasa mimi sikuwahi kuoa. Si kwamba nilikataliwa; walionikubali waliniuliza nitakaa mpaka lini, mazungumzo yakaishia hapo. Nikaipima ndoa hii. Mwanamke anakufa muda mfupi baada ya harusi, na nyumba yake ya studio ni ya mbao upande mmoja tu. Kama kuna ndoa iliyokatwa kwa vipimo vyangu, ni hiyo.

"Sawa," nikasema. "Nitamwoa."

Wodi ilikuwa kona ya studio: kitanda, pazia la kijani, chupa ya dripu yenye maji ya bomba. Kiberiti alipoliona lile pazia alinitazama tu. Koti la bwana harusi liliazimwa kwa msoma habari, ambaye ni mkubwa kama mlango, kwa hiyo mgongoni walinibana kwa vibanio vya kuanikia nguo na kunionya nisigeuke. Koti lilitakiwa lirudi kabla ya taarifa ya habari. Msajili wa ndoa aliigizwa na fundi wa taa, ndiyo maana nusu ya wodi ilikuwa gizani.

Mama Mkwe alikuwa kitandani amevaa miwani, anasoma mswada. Kwa karibu alikuwa mama wa heshima kabisa.

"Wewe ndiye unanioa?"

"Ndimi."

"Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Akasogeza miguu nikae. Nikamuuliza, kwa kupoteza muda, anaumwa nini.

"Mdomo," akasema. "Nilimwambia Mwongozaji mbele ya watu kwamba machozi ya kila Jumapili yanachosha. Mswada uliofuata nikakuta nina kikohozi. Na kikohozi cha kwenye tamthilia, baba, hakina dawa."

Mwongozaji akapiga makofi. "Mzee, wewe una neno moja tu. Utaulizwa, utasema nakubali. Mama, ukishasikia nakubali, tabasamu, funga macho, kufa. Tusirudie, sina muda."

Taa zikawaka. Mkwe akalia. Fundi wa taa akashika makaratasi kama anayeshika nyoka, akaniuliza kama nakubali kuwa na mwanamke huyu katika raha na shida, siku zote, mpaka kifo kitutenganishe.

Neno nililijua. Nilikuwa nimelirudia njia nzima. Lakini maisha yangu yote, mtu yeyote akiniuliza nitakaa mpaka lini, awe mwenye nyumba ya wageni au mwenye kiwanda, kinywa changu kina jibu lake na hakiniulizi mimi.

"Inategemea," nikasema.

Nilimwona Mwongozaji anainua mkono asimamishe kamera. Mama Mkwe akamwahi. Alifungua jicho moja.

"Inategemea nini?" akauliza, kwa ile sauti iliyokuwa inatisha nchi.

Ningefanyaje? Nilijibu ukweli. "Inategemea na wewe. Wameniambia hutachukua muda."

Mkwe aliyekuwa analia akapaliwa. Mama Mkwe akakaa kitako. Akang'oa dripu, maji ya bomba yakamwagikia shuka.

"Nani amekwambia?" Hakuwa ananitazama mimi. Alitazama nyuma ya kamera, pale ilipo kofia. "Mimi siendi mahali. Wewe ndiye umezoea kwenda. Nitakaa hapa hapa nikuone unavyoondoka."

"Mama," Mwongozaji akanong'ona, "kufa."

"Sijisikii."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema sijisikii. Mtu haolewi na kufa kwa wakati mmoja, hata ng'ombe hupumzishwa."

Wakati huo msoma habari alikuwa mlangoni na shati lake, tai imenyooka, chini amevaa kaptura. "Koti langu," akasema. Wakanitoa vibanio. Hapakuwa na kurudia. Kiberiti alikuwa amejificha nyuma ya lile pazia, na nikaona linatikisika. Sikujua analia au anacheka. Nadhani hata yeye alikuwa hajaamua.

Jumapili sebule ya dada ilijaa majirani mpaka wakakalia kitanda changu, yaani kochi. Niliposema "inategemea" mbele ya taifa, nyumba ikalipuka kwa kicheko, na kwa mbali nikasikia nyumba ya jirani nayo imelipuka. Mama Mkwe aliposema haendi mahali, wanawake walimpigia vigelegele, wale wale waliokuwa wanamwombea kifo.

"Tumekutafutia mke miaka yote hiyo," dada akaniambia, anafuta machozi, "kumbe unasubiri wa kwenye televisheni. Na huyo naye unataka kumkimbia."

Kesho yake kila mtu alikuwa na neno langu. Mwenye duka nilimuuliza kama mkate ni wa leo, akasema inategemea. Watoto wakiambiwa wakaoge, inategemea. Mama yao anaingia ndani kutafuta kiatu.

Kazini nilimkuta Hivi Karibuni amefurahi kama mtu aliyejifungua bila uchungu. Wakubwa wa ghorofa ya juu walikuwa wamempa mkono wa pongezi. Alikuwa anawaeleza vijana jinsi alivyolibuni wazo la harusi tangu mwanzo, akiliona wazi kabisa, hata kabla ya kuziona picha. Hilo la kutoziona picha lilikuwa kweli.

Kiberiti alingoja amalize. Kisha akasimama. "Bosi, ulisema Jumapili ikienda vizuri tutazungumza."

"Na tutazungumza." Akampiga begani. "Hivi karibuni. Sasa hivi acha upepo utulie. Promo ya wiki ijayo imeruka asubuhi, umeiona? Nimeiandika mwenyewe. Bwana harusi anafungasha. Je, ataondoka?" Akanigeukia, mikono ameifungua. "Na huyu hapa mzee wetu. Ijumaa mchana studio, Mzee. Koti tumekupatia la kwako."

Kiberiti alikaa. Hakuwaka. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana njiti isiyowaka imelowa. Alivuta kibodi yake iliyofutika, akaanza kubonyeza, na nikajua mawazo yake yako dukani kwa shangazi, anapima mita za kitambaa.

Siku hiyo nilikuwa nimekuja na vitu viwili. Mkono mmoja hotpoti, mwingine begi langu. Wiki yangu ilikuwa imekwisha, miguu inawasha, na nilipanga kumuaga pale pale nipitilize stendi.

"Nitakuja," nikamwambia Hivi Karibuni.

"Ijumaa."

"Hivi karibuni."

Akacheka. Akaona sicheki, akapunguza. "Mzee, sijakuelewa."

"Nafasi yenu ya bwana harusi naipenda. Tutaizungumza. Acha kwanza upepo utulie." Nikatundika begi begani.

"Lakini promo imeshatoka," akasema.

"Nimesikia. Inauliza kama nitaondoka. Nanyi mnataka jibu kwa picha, au niwaache watu waone kitanda na Mama Mkwe peke yake?"

Alinitazama, akalitazama begi. Ni begi la zamani, limezungushiwa kamba, na mtu yeyote akiliona anajua halijawahi kutania. Kisha akamtazama Kiberiti, kama mtu wa kumwomba msaada.

Kiberiti hakuinua macho. "Promo haifutwi, bosi," akasema taratibu.

Hivi Karibuni akapanda ghorofa ya juu. Sijui alisema nini huko, na huenda alisema ni wazo lake. Ninachojua ni kwamba nafasi iliyotafutwa miezi yote ilipatikana kabla hotpoti haijapoa. Kiberiti aliusoma mkataba wote, mpaka nyuma ambako hakukuandikwa kitu, akatia sahihi, kisha akala chakula chote bila kuniachia hata kijiko.

Mama Mkwe hajafa. Kikohozi kimehamia kwa mlinzi wa geti, ambaye nasikia alisema jambo kuhusu kofia. Mimi kila Ijumaa navaa koti langu, nafungasha mbele ya kamera, nafika mlangoni, naitwa. Wameniambia ni mpaka msimu uishe. Niliuliza msimu unaisha lini, Mwongozaji akasema inategemea.

Dada naye ameanza. Juzi alinikuta nimekaa kwenye kochi, akaniuliza naondoka lini.

"Hivi karibuni," nikasema.

"Basi kesho pitia kwa shangazi yake Kiberiti, chagua pazia la hilo dirisha hapo unapolala. Jua linakuchoma usoni kila asubuhi, na mtu wa nyumba haachwi aungue."

Sijalipenda neno hilo, mtu wa nyumba. Begi langu liko nyuma ya kochi, kamba haijafunguliwa. Jana Kiberiti alirudi kutoka kazini na picha za Jumapili ijayo, akanionyesha: mimi huyo, begi mkononi, nimesimama mlangoni mwa wodi, kinywa kimefunguka kama ninayesema kitu. Picha hizo nakumbuka walivyozirekodi, lakini Mwongozaji alinisemesha maneno mengi siku hiyo na sijui amechukua yapi.

"Hapa nasema naenda au nabaki?" nikamuuliza.

Kiberiti akazitazama tena, kichwa upande, kama mtaalamu.

"Sijui, Mjomba," akasema. "Sauti bado haijaja."